UZI: "Kama hana hatia, mbona anatafuta wakili?" Tuongee kuhusu mitego ya polisi, bangi, na kutetea mtu aliyewekelewa

1/ Kila mkutano wa siasa nimehudhuria huku kwetu, kuanzia Sotik hadi Londiani, hauishi kabla mtu apande juu ya gari aseme: "Vijana wetu wanaisha kwa bangi na chang'aa, polisi waachwe wafanye kazi!" Watu wanapiga makofi. Mimi pia hupiga. Halafu anaongeza: "Na hao mawakili wanaotetea wauzaji ndio shida." Hapo huwa naacha kupiga. Uzi huu ni wa kueleza kwa nini.

2/ Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama. Maneno haya yamesemwa na pande zote, tena na watu wale wale kutegemea wako serikalini au wako nje. Nataka tuangalie hoja yenyewe.

3/ Kwanza tukubaliane kwamba shida ni ya kweli. Mtu yeyote amekulia kwa majani chai anajua kijana mmoja au wawili ambao walipotea hivi hivi. Na sio huku tu. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe haramu, na Machi Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza hatua 25 za kupambana na pombe haramu na dawa za kulevya. Anayesema hii ni propaganda hajawahi kuzika mtu.

4/ Lakini kuna jambo moja kuhusu Kirinyaga ambalo wengi wamesahau. Serikali yenyewe ilisema pombe ile ilikuwa imetoka kwa vielelezo vilivyohifadhiwa kituo cha polisi. Yaani ilishikwa, ikawekwa kituoni kama ushahidi, kisha ikarudi kwa wananchi ikawaua. Shikilia hapo. Tutarudi.

5/ Sasa niwaambie kisa cha nyumbani. Jina siwezi kutaja, kituo sitaji, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa. Ni jirani yetu, mwendesha bodaboda. Mama yake anachuna majani, wana kama nusu ekari ya chai. Ijumaa moja jioni mteja asiyemjua alikuja steji na mfuko wa sandarusi uliofungwa vizuri. "Nipelekee huu kwa ndugu yangu pale njia panda, anakungoja." Akamlipa shilingi 300, keshi.

6/ Pale njia panda palikuwa na wanaume wawili waliovaa kiraia. Mmoja alipokea mfuko, mwingine akamfunga pingu. Ndani kulikuwa na bangi. Yule mteja wa steji hakuonekana tena. Hakushikwa, hakuandikisha taarifa, hakuitwa mahakamani. Kijana alilala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alisomewa shtaka la ulanguzi wa dawa za kulevya.

7/ Kijijini hukumu ilikuwa imetolewa Jumamosi asubuhi. "Nilijua tu. Ile pikipiki mpya ilitoka wapi?" Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Nakiri hata mimi, mwanafunzi wa sayansi ya siasa ninayewafundisha haki hapa mtandaoni, wazo langu la kwanza lilikuwa: polisi hawawezi kumshika mtu bure.

8/ Tuanze na swali la sheria. Je, polisi wanaruhusiwa kujifanya wanunuzi? Ndiyo. Afisa anaweza kuvaa kiraia, kutumia watoa habari, hata kununua ili apate ushahidi. Biashara ya dawa haina mlalamishi: anayeuza hapigi ripoti, anayenunua hapigi ripoti. Bila mtego, kesi nyingi hazingeanza. Kwa hivyo anayesema mitego yote ni haramu anakosea.

9/ Mfano mzuri uko hapa hapa Kenya. Ndugu wawili wa Akasha walishikwa Mombasa Novemba 2014 baada ya operesheni ndefu ya shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya. Watoa habari walijifanya wanawakilisha walanguzi wa Colombia. Mikutano ilirekodiwa. Walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa Oktoba 2018. Mmoja alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, mwingine miaka 23 mwaka 2020.

10/ Kitu cha kuangalia hapo ni mambo mawili. Moja, walengwa walikuwa na heroini yao na njia zao. Mtego uliwafungulia tu mlango wa kuuza. Mbili, kulikuwa na sauti na picha. Hakuna mtu alihitaji kuamini neno la afisa mmoja dhidi ya neno la mshtakiwa mmoja. Sasa linganisha na mfuko wa sandarusi pale njia panda.

11/ Mpaka uko wapi basi? Majaji wa nchi nyingi wamechora mstari unaofanana: afisa akikupa nafasi ya kawaida ambayo mhalifu yeyote angeichukua, huo ni upelelezi. Akikushawishi, akikusukuma, akikutengenezea kosa ambalo usingelitenda, hapo serikali imezalisha kosa lenyewe.

12/ Mwaka 2001 mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, House of Lords, iliamua kesi inayoitwa Looseley pamoja na nyingine iliyofanana nayo. Katika hiyo ya pili, maafisa waliojificha walikuwa wakimuuzia mtu sigara za magendo kwa bei ya chini, wakaendelea kumbembeleza awatafutie heroini ingawa alisema hiyo si kazi yake. Jaji alisimamisha kesi, na House of Lords ikakubali alifanya sawa. Sheria yetu na ya Uingereza zina undugu, ndiyo maana mawakili wa Kenya huitaja kesi hii.

13/ Na katiba yetu ya 2010 iko wazi zaidi. Kifungu cha 50(4) kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi utatupwa nje ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki. Kinasema "utatupwa". Hakimu hapewi hiari ya kuupenda kwa sababu bangi ni mbaya.

14/ Lakini jirani yangu hakushawishiwa hata kidogo. Yeye alibebeshwa. Hiyo ni hali ya pili, na huku kwetu tunaiita kwa jina lake: KUWEKELEWA. Hapa swali ni kama alijua alichobeba. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, iliyorekebishwa 2022, inahesabu kusafirisha na kupeleka kuwa sehemu ya ulanguzi, na kifungo chake kinahesabiwa kwa miongo. Kwa hivyo pikipiki ikibeba mzigo, tayari uko karibu na moto. Kinachobaki kukutenganisha na jela ni kama upande wa mashtaka unaweza kuthibitisha ulijua.

15/ Fikiria kazi ya bodaboda. Anabeba maziwa, mbolea, mifuko ya majani, sherehe, msiba. Hafungui mzigo wa mteja, na akifungua hapati mteja kesho. Barabara ya kutoka Kisii kupitia Sotik na Litein hadi Kericho ina steji kila kituo. Ukitaka mtu wa kubeba mzigo na wa kubeba lawama, ni rahisi sana kumpata kwa shilingi 300.

16/ Sasa haki zake baada ya pingu. Kifungu cha 49: aambiwe mara moja kwa nini ameshikwa, kwa lugha anayoelewa. Anyamaze akitaka. Aongee na wakili. Asilazimishwe kukiri. Afikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku ambayo korti haiketi, basi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kuna Kamata Kamata Friday. Sheria haijavunjwa, lakini mtu amelala siku tatu bila hakimu kumwona.

17/ Dhamana nayo ni haki, hata kwa shtaka la ulanguzi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuinyima. Kwa jirani yangu masharti yalitaka mdhamini mwenye mali. Mama yake alitoa hati ya shamba. Hiyo nusu ekari ndiyo kila kitu walicho nacho. Bonasi ya mwaka huo ilienda kwa wakili yote. Mdogo wake alikaa nyumbani muhula mzima.

18/ Wakili alifanya nini basi, huyo tunayeambiwa ndiye shida? Hakusema "bangi ni nzuri." Hakutoa hongo. (Na ndiyo, huku kwa majani chai neno "chai" lina maana mbili, sote tunajua.) Aliuliza maswali manne tu. Nitayaweka hapa kwa sababu kila mtu anafaa kuyajua.

19/ Swali la kwanza: nani alipima, lini, mbele ya nani? Sheria ya dawa za kulevya, kifungu cha 74A, inataka dawa ikishikwa ipimwe na sampuli ichukuliwe mbele ya anayeshtakiwa na wakili wake kama yuko, inapowezekana. Jirani yangu hakuwahi kuona mizani. Na uzito ulioandikwa kituoni haukufanana na ule ulioandikwa kwa Mkemia wa Serikali.

20/ Swali la pili: kati ya Ijumaa na siku mfuko ulipofika kwa Mkemia, nani alikuwa nao? Kila mkono uliogusa kielelezo unafaa kuwa na jina, saa na sahihi. Hapa ndipo Kirinyaga inarudi. Kama pombe yenye sumu inaweza kutoka kituoni na kufika kwa meza ya walevi, kwa nini tuamini tu kwamba mfuko uliofika maabara ndio ule wa njia panda?

21/ Swali la tatu: yule mteja wa steji ni nani? Sheria inalinda majina ya watoa habari, na kuna sababu nzuri, wanaweza kuuawa. Lakini huyu aliweka mfuko mkononi mwa mshtakiwa, kwa hivyo yeye ndiye shahidi wa tukio lenyewe. Madereva wawili wa steji walimwona, wakaja kusema. Upande wa mashtaka haukuwa na jibu.

22/ Swali la nne: taarifa ya kwanza kwa kitabu cha matukio kituoni inasema nini? Hiyo OB ya Ijumaa iliandika "alipatikana akisafirisha." Hati ya mashtaka ikasema "akiuza." Maafisa wawili wakatoa ushahidi, mmoja alisema walikuwa doria, mwingine alisema walipewa habari. Katiba kifungu cha 50 inampa mshtakiwa haki ya kupewa ushahidi mapema ndiyo aweze kuona tofauti kama hizi.

23/ Miezi 14 baadaye hakimu alisema hana kesi ya kujibu. Alitoka. Pikipiki ilikuwa imeshachukuliwa na waliomkopesha. Hati ya shamba ilirudi. Pale steji mpaka leo kuna watu wanamwita "wa bangi", kwa utani, na yeye hucheka. Mama yake hachekangi.

24/ Sasa jambo gumu zaidi, na hili si la kijijini kwetu. Kenya nzima ilikuwa na kesi ambayo inafaa kufundishwa kila darasa. Mwaka 2015 Josephat Mwendwa, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi. Akalalamika. Badala ya kupata haki, alifunguliwa mashtaka, likiwemo la kupatikana na dawa za kulevya. Wakili Willie Kimani ndiye alimtetea.

25/ Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko: mshtakiwa, wakili, na dereva wao Joseph Muiruri. Walitekwa, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya utawala Syokimau, wakauawa. Miili ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk baada ya wiki hivi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu na mtoa habari mmoja wa polisi. Februari 2023 mshtakiwa mkuu alihukumiwa kifo, wengine miaka 20 hadi 30.

26/ Soma tena: kesi ya dawa za kulevya ilitumiwa kumnyamazisha mtu aliyelalamika. Na mtoa habari alikuwa ndani ya njama. Kwa hivyo mtu akisema juu ya gari kwamba "mwenye hatia tu ndiye anatafuta wakili", muulize Mwendwa alikuwa na hatia gani. Yule wakili alikuwa anafanya kazi ile ile tunayoambiwa ni ya kutetea wahalifu.

27/ Najua majibu yanayokuja. "Wauzaji wakubwa wanatumia haki hizi hizi kutoka." Ni kweli, wengine hutoka. Lakini angalia wanatoka kupitia wapi: kielelezo kimepotea, uzito haufanani, shahidi hakuja, rekodi hakuna. Mapengo hayo ndiyo yanamfunga asiye na hatia akikosa wakili, na ndiyo yanamtoa mwenye hatia akipata wakili mzuri. Ukiyaziba umesaidia pande zote mbili.

28/ Jibu la pili: "Kijana mmoja akionewa ili mia waokolewe, ni sawa." Hesabu hiyo haifanyi kazi. Siku jirani yangu alishikwa, mwenye mfuko alienda nyumbani. Kesi ikaandikwa kama mafanikio, na bangi iliyobaki iliendelea kuuzwa. Kumshika asiyehusika ndio njia ya kumwacha anayehusika.

29/ Na upande ule mwingine pia niwaguse, wale wa "polisi wote ni majambazi." Kuna afisa mmoja katika hicho kituo alimwambia mama huyu kimya kimya aombe nakala ya OB mapema kabla "haijakuwa ngumu kupatikana." Bila hiyo nakala, swali la nne halingekuwepo. Kuna watu ndani ya huduma wanaotaka kazi ifanywe sawa, na siasa za kuwatukana wote zinawaacha peke yao.

30/ Sasa ya kubeba nyumbani. Ukishikwa wewe au mtu wako:
– Usipigane, usikimbie. Uliza sababu na jina la kituo.
– Nyamaza mpaka upate wakili. Kukiri kortini hakukubaliwi isipokuwa ulikiri mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi, ukiwa na mtu wa tatu uliyemchagua.
– Usitie sahihi karatasi ambayo hujasoma au hujasomewa kwa lugha yako.

31/ Walio nje wafanye haya:
– Chukua nambari ya OB siku hiyo hiyo.
– Andika majina ya walioona, na saa.
– Hifadhi simu yake: nambari zilizopiga, meseji za M-Pesa. Keshi haina alama, ndiyo maana mtu wa mtego huipenda.
– Kama kuna duka au kituo cha mafuta chenye kamera, omba picha mapema, hufutwa haraka.
– Huna pesa za wakili? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na kifungu cha 50(2)(h) kinataka serikali ikupe wakili ikiwa kukosa kutaleta dhuluma kubwa. Omba mbele ya hakimu, na iandikwe.
– Ukiona afisa amevunja sheria, IPOA ipo kwa kazi hiyo tangu sheria yake ya 2011.

32/ Na maswali ya kumuuliza mtu akija tena juu ya gari. Mtego wa polisi kaunti hii utarekodiwa kwa sauti au picha, ndiyo au hapana? Vielelezo vinahifadhiwa wapi, na nani huvikagua? Msaada wa kisheria utafika lini kwa mtu wa Mulot au Kapkatet bila kusafiri mpaka mji mkubwa? Kwa kila bodaboda aliyeshtakiwa, mwenye mzigo alishikwa? Akijibu "mimi nawachukia wauza bangi," mwambie hilo tunajua, sote tunawachukia. Hajajibu.

33/ Jirani yangu sasa anachuna majani na mama yake, anaweka akiba ya pikipiki nyingine. Nilipomuuliza kama niandike haya alisema: "Andika, lakini waambie wasibebe mzigo wa mtu bila kujua jina lake na nambari yake." Basi nimewaambia. Watu wa steji, mpelekeeni huu uzi asiye na bando.

Maswali yaweke hapa chini. Nitajibu nikitoka darasani.